Mnaocheza gofu peke yenu Arusha na Moshi, tuongee: raha yake na kero zake

Bogi wa Njiro

Wakuu salaam, poleni na hili baridi la Arusha.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili asije mtu akasema nazunguka. Gofu ya peke yako ni tamu kuliko ya kundi, tena tamu sana, ila skoo (hesabu ya mikwaju yako) unayorudi nayo usimtangazie mtu na wewe mwenyewe usiiamini sana. Ndo hayo mawili nataka tuyachambue, wenye ya kwenu mtaongeza.

Utamu wenyewe uko asubuhi. Ukifika uwanjani saa 12 na kitu, kabla hawajaja wale wazee wa wanne wanne, umande bado uko kwenye nyasi, Meru uko wazi mpaka unaona makorongo yake, unaweka tii yako, kile kijiti cha kukalia mpira, chini unapiga unaondoka, hakuna kumsubiri mtu amalize simu. Na kuna kitu watu wa kuanza saa 4 hawakijui kabisa. Ukiwa wa kwanza kupiga pati, lile pigo la kubingirisha mpira kuelekea shimoni, kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) yenye umande, mpira unaacha alama. Mwanzoni alama inakatika katika maana mpira unaruka ruka kwanza kabla haujaanza kubingirika vizuri, halafu inakuja kuwa mstari mmoja, unaona kabisa pale ulipoanza kukata kushoto na ni hatua ngapi kabla ya shimo. Ukikosa unabaki umeinama hapo unaangalia kosa lako lilianzia wapi, hata dakika nzima, hakuna anayekwambia "twende bwana". Mimi pati zangu nimejifunzia hapo kuliko kwa mwalimu yeyote, na walimu nimewalipa.

Halafu muda. Watu wanne mashimo 18 hapo umeaga masaa manne na zaidi, bado hujakaa klabuhausi kusikiliza kila mtu anasimulia mpira wake ulivyogonga mti. Peke yako unapiga mashimo 9 ndani ya saa moja na nusu, unaoga, saa 3 uko ofisini na bosi hajui kitu. Kwa sisi tulio na uwanja katikati ya mji kama pale Gymkhana hii ni neema, sio lazima usubiri Jumamosi. Ukitaka siku nzima ya kutembea unatoka kwenda Kili Golf kule upande wa Usa River, mashimo 18, uwanja alioubuni David Jones yule wa Ireland ya Kaskazini, lakini kule kwenda peke yako naona kama uchoyo, panataka watu wa kushangaa nao.

Sheria nazo zimetulainishia. Tangu 2019 unaruhusiwa kupiga pati bendera ikiwa shimoni, zamani peke yako unatembea kutoa bendera, unarudi kwenye mpira, unapiga, unaenda kuirudisha, upuuzi mtupu. Sasa hivi unaiacha tu.

Haya, kero.

Ya kwanza macho ni mawili tu. Unapiga draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, jua la asubuhi liko usoni, unasikia mlio mzuri kabisa wa katikati ya fimbo, mpira huuoni. Sheria inakupa dakika 3 za kutafuta tangu 2019, zamani zilikuwa 5, na kipindi cha masika rafu, yale majani marefu ya pembeni, ikishiba mvua hizo dakika 3 unazimaliza unapekua nyasi sehemu ambayo siyo. Wenzako wangekuwepo mmoja angesema "ule mti mkavu, kulia kwake".

Ya pili ni haraka. Hii inawashangaza wengi kwa sababu mtu anadhani peke yako utatulia. Hutulii. Hakuna wa kumsubiri kwa hiyo hupumziki, unapiga, unatembea kwa nguvu, unapiga tena bado unahema, ukifika shimo la sita mwendo wa mikono umeshaharibika na hujui umeharibikia wapi. Kwenye kundi ule muda wa kusubiri zamu yako tunaulalamikia lakini ndo unaoturudisha akili.

Ya tatu ni kukwama nyuma ya kundi. Kuna uwanja mmoja siutaji, nilikaa nyuma ya watu wanne wanapiga picha kila tii (pa kuanzia shimo) na mmoja ananiangalia kabisa usoni, hakuna hata wa kunipungia mkono nipite. Vitabu vya zamani vilikuwa vinasema mchezaji wa peke yake hana haki yoyote uwanjani, akisimama apishe, akikwama avumilie. Hilo limeshaondolewa siku nyingi, siku hizi kinachoangaliwa ni mwendo, mwenye kasi anapishwa. Lakini nendeni mkawaambie watu wenye bia mkononi.

Na ya nne ndo kubwa, skoo. Pati ya hatua moja, uko peke yako, mpira unaushika mkono unasema "hii ingeingia". Mara ya kwanza unacheka. Baadaye inakuwa mazoea, na ile ya pili uliyopiga kutoka tii "kwa kujaribu" inageuka kuwa ndo ya kwanza. Bobby Jones, yule mcheza gofu maarufu wa Marekani, kwenye mashindano ya US Open ya 1925 mpira wake ulijitikisa kidogo akiwa anajiandaa kupiga kwenye rafu, yeye peke yake ndo aliyeona, akajiongezea mkwaju mmoja, wakaja kulingana na Willie Macfarlane na akapoteza kwenye marudio. Alipopongezwa alisema ni sawa na kumpongeza mtu kwa kutoibia benki. Sasa sisi wa kucheza peke yetu, benki tunapita nayo kila shimo na mlinzi kalala.

Leteni na ya kwenu.

Chalii wa Sakina

Mimi sichezi huo mchezo nimepita tu kusoma. Yaani mtu unalipa ada, unanunua viatu vya misumari, unaamka saa 11 na baridi hii kwenda kutembea na fimbo PEKE YAKO halafu unarudi unajidanganya mwenyewe? Si ungekuja kunisaidia kupalilia mahindi Ngaramtoni, fimbo ninayo na rafu ipo ya kutosha 😂

Bogi wa Njiro

Chalii wangu hilo jembe lako lina hendikapu ngapi 😂😂

Mpenda Dili

Mkuu Bogi heshima yako lakini hapa umepotea. Gofu Tanzania hii sio mchezo, ni meza. Watu wanaingia klabu kwa sababu mule ndani unatembea masaa manne na mkurugenzi ambaye ofisini kwake sekretari angekwambia njoo wiki ijayo. Ukicheza naye unamjua mpaka tabia, mtu akipiga mpira vibaya akamtukana kedi anayembebea begi, huyo hata tenda usimpe. Sasa wewe unalipa hela zote hizo halafu unajificha saa 12 asubuhi usikutane na mtu? Bora ununue baiskeli.

Bogi wa Njiro

Nakuelewa mkuu, na sikatai kuna watu mkate wao unatoka hapo. Ila mimi nikipiga huku nawaza namwambiaje huyu mzee kuhusu ile ankara yake, mpira hauendi. Kuna siku za meza na kuna siku za mchezo. Tatizo lenu nyie wa dili hamna siku ya mchezo kabisa, mtu ana miaka klabuni bado anapiga bogi tatu tatu kila shimo, yaani mikwaju mitatu zaidi ya inayotakiwa, na ndo anatoa ushauri.

Meku wa Shanty

Aisee hapa Moshi swali lenyewe limekaa vingine. Nyie wa Arusha mnachagua kucheza peke yenu, sisi huku Jumanne mchana ukienda pale Moshi Club unajikuta uko peke yako tu, sio falsafa ni kwamba watu wako kazini! Mashimo ni 9, unayazunguka mara mbili kama unataka 18, na mzunguko wa pili ndo unajua kwamba upweke na utulivu sio kitu kimoja. Mzunguko wa kwanza raha, mlima kama umeamua kujitokeza unapiga huku unauangalia. Mzunguko wa pili mlima umeshajifunika, joto limepanda, unapiga mpira mzuri hatua moja kutoka shimoni unageuka nyuma kutafuta wa kumwonyesha, hamna mtu, kuna kunguru.

Hiyo ndo kero yangu mimi, sio skoo. Mpira mzuri ukikosa shahidi ni kama haukupigwa. Ukirudi klabuhausi ukasimulia unaonekana muongo, ukinyamaza unakuuma. Na Mungu apishilie mbali siku ukaingiza kwa pigo moja kutoka tii ukiwa peke yako. Desturi ya wacheza gofu kokote duniani ukiingiza unawanunulia watu vinywaji, sasa wewe utanunua vinywaji vya watu ambao hawakuamini wala hawakuona, wanakunywa huku wanakucheka.

Nyongeza, hizi fimbo ni chuma. Mvua za mchana zile za vuli zikianza na radi, kwenye kundi yupo mzee atasema jamani tutoke. Peke yako unajipa moyo "namalizia hili shimo moja". Ukisikia ngurumo toka, tena usikimbilie chini ya mti.

Mama Pati

Naomba niongee upande wetu wanawake maana naona mnasimulia kwa raha tu.

Mimi napenda sana kucheza mwenyewe, watoto wakishaenda shule nina masaa yangu mawili. Lakini mwanamke ukiwa peke yako uwanjani kila mwanaume anayepita anadhani unatafuta mwalimu. Sijaomba. Nimesimama kwenye tii, nimeshapanga mguu, kaka wa watu kutoka feawei (njia ya nyasi) ya pili anavuka kabisa kuja kuniambia "dada inua bega hilo". Yeye mwenyewe nimetoka kumuona anatoa mpira bankani, kwenye shimo la mchanga, kwa mikwaju minne! Nikiwa na mume wangu hakuna anayekuja, hata kama mume wangu anapiga vibaya kuliko mimi, na anapiga vibaya kuliko mimi.

Kwa hiyo kucheza peke yangu kwangu sio kimya, ni kuchagua saa. Na nachagua mashimo pia, yale ya pembezoni karibu na kichaka siyachezi mwenyewe bila kedi, sio kwa uoga wa mpira. Simu ina chaji, na kuna mtu klabuhausi anajua nimeondoka saa ngapi. Hili la kuaga na nyie wanaume mlifanye, hasa wenye presha. Ukianguka shimo la saba saa 12 na nusu asubuhi nani atakuona?

Wasichana wa hapa Arusha kina Madina Iddi wamefika mpaka kuiwakilisha nchi kwenye gofu, kwa hiyo tukiwa uwanjani wenyewe msidhani tumepotea njia.

Daktari wa Rafu

Uzi mzuri. Niingize sheria kidogo hapo kwenye skoo maana naona watu watapotoshana.

Ile ya kucheza kweli peke yako, hakuna mtu mwingine kabisa, haihesabiki kwenye hendikapu, ile idadi ya mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako. Marekani USGA, chama chao cha gofu, walianza kukataa hizo skoo Januari 2016 na watu wakapiga kelele sana, wakisema mchezo ambao kila mtu anajihesabia mwenyewe mnawaita watu waongo. Ulipokuja mfumo mmoja wa dunia nzima 2020 nao ukataka hivyo hivyo, uwe umecheza na angalau mtu mmoja. Maana yake sio kwamba wewe ni mwizi. Hendikapu yako inatokana na skoo 8 bora kati ya 20 za mwisho, sasa mtu akiweka humo tatu nne za asubuhi za umande na "hii ingeingia", hendikapu inashuka, akija mashindanoni anachapwa na kila mtu na hajui kwa nini. Anayeumia ni yeye mwenyewe. Na wapo wa upande wa pili, wanaojiongezea mikwaju makusudi hendikapu ipande wakabebe vikombe. Hao ndo hatari zaidi, na hao shahidi anawabana.

Sasa utamu uko hapa: wale USGA walipoulizwa "peke yako" ni nini, walijibu kwamba mtu akifuatana na wewe mzunguko wote, hata kama hachezi, basi hujacheza peke yako. Na wakamtaja kedi.

Bogi wa Njiro

Daktari subiri kwanza. Kwa hiyo asubuhi zangu zote na yule kijana wangu pembeni nilikuwa sichezi peke yangu??

Daktari wa Rafu

Kwa maana hiyo ya skoo, ndiyo mkuu. Ila kabla hujaziingiza ongea na kamati ya klabu yako, wao ndo wanaozisimamia.

Kedi Mstaafu

Nimesoma uzi huu toka juu nikawa nangoja nione nani atatutaja. Mpaka sheria za Wamarekani zije ndo mkumbuke kuna mtu wa pili.

Mimi nimebeba begi miaka mingi kabla Mungu hajanipa kazi nyingine. Bwana Bogi anasema peke yake, macho mawili, hakuna shahidi. Sasa huyo kijana aliyebeba fimbo 14 begani, aliyesimama mbele kule kuangalia mpira unaangukia wapi, aliyefuta mpira na taulo akauweka mkononi kwako, huyo ni nani? Nilishamsikia bosi wangu mmoja anamwambia mkewe kwenye simu "nipo mwenyewe tu uwanjani" na mimi nimemshikia mwavuli.

Na pati tunazijua. Vijana waliokulia kwenye viwanja vya milimani hivi tulikuwa na imani yetu, pati ikikuchanganya uliza mlima uko wapi, mpira unaukimbia mlima hata kama jicho linakwambia pametulia. Sheria ya 2019 ikaja kutukataza kusimama nyuma ya mchezaji kwa mstari wakati anajipanga, sawa, lakini kusema bado tunaruhusiwa.

Nawaambia kingine. Tulikuwa tunajua nani muongo na nani siyo. Mchezaji wa peke yake akishika mpira na kusema "hii ingeingia" anakuangalia wewe kedi kwanza. Unafanyaje? Unasema "ndiyo bosi ingeingia" kwa sababu unataka kesho akuite tena. Hapo Daktari naomba hiyo sheria yako ya shahidi uiangalie vizuri, shahidi unayemlipa wewe ni shahidi wa namna gani?

Meku wa Shanty

Aisee 🙌 hii komenti ipigwe muhuri.

Mpenda Dili

Kedi Mstaafu umemaliza. Na hao wa saa 12 asubuhi sikuhizi wananunua vitoroli vya kusukuma ili hata kedi wasimchukue.

Bogi wa Njiro

Mzee wangu Mstaafu shikamoo. Nimekuelewa na sina la kubisha kwenye hilo la shahidi. Kitoroli ninacho kweli, natumia siku ambazo nataka nusu saa tu ya mashimo matatu manne, siku za mashimo 9 namchukua kijana. Lakini nikuulize wewe uliyekuwa upande ule, kwa kedi nani bora, mtu wa peke yake au kundi?

Kedi Mstaafu

Marahaba. Inategemea siku. Wa peke yake alfajiri tulikuwa tunamgombania, maana anamaliza haraka, saa 3 umeshalipwa na unarudi foleni kuchukua begi lingine, siku hiyo umebeba mara mbili. Kundi la Jumamosi ni masaa manne na ushee kwa begi moja, ila wale wanachezea hela, na bosi wako akishinda mfuko unafunguka, soda na chipsi unakula juu yake. Wa peke yake hana wa kumshinda kwa hiyo hana cha kufurahia, anakupa ile ile mliyopatana. Kuna wengine mashimo 9 wanataka walipe nusu kamili mpaka shilingi ya mwisho, begi lile lile uzito ule ule na kilima kile kile.

Halafu wa peke yake anaongea. Watu hawajui hili. Kwenye kundi bosi anaongea na wenzake, peke yake anaongea na wewe, ndoa, mkopo, mtoto kafeli, kila kitu, shimo la kwanza mpaka la tisa. Mimi nimetunza siri za watu wa mji huu, acha tu.

Mama Pati

😂😂 Nimecheka sana kwa sababu ni kweli. Kedi wangu anajua mpaka jina la mtu niliyegombana naye kwenye vikoba.

Chalii wa Sakina

Mimi mlimaji bado nipo. Mstaafu swali moja, nyie wenyewe makedi mlikuwa mnacheza saa ngapi? Na mlikuwa mnaenda peke yenu peke yenu hivyo hivyo?

Kedi Mstaafu

Jumatatu tulikuwa tunaachiwa uwanja. Peke yako utaenda na nini kijana wangu? Fimbo tulikuwa tunazichanga, huyu ana pata (fimbo ya kupigia pati) aliyopewa na Mzungu aliyehama, huyu ana ayoni 7 (fimbo ya chuma ya kurusha mpira), huyu ana draiva kichwa kimepasuka kimefungwa gundi. Ukitaka seti itimie lazima muwe wanne au watano, mnatembea pamoja, ukifika grini unamuita mwenye pata.

Chalii wa Sakina

Na mwenye pata akikasirika katikati ya mchezo akaenda nyumbani?

Kedi Mstaafu

Tunapigia pati na ayoni 7. Ndo maana mpaka leo naweza.